Nani Anaongeza?

Miaka ishirini na sita nimenadi dagaa Mwaloni
bila kipaza sauti.
Wa Goziba, wa Ukara, debe kwa gunia,
na aliyesinzia juu ya mzigo wake
alifumbua jicho nikitaja bei.
Nani anaongeza? Ongeza! Ongeza!
Sasa naandika. Daftari la mistari,
kalamu imefungwa kamba kama ya benki.

Dada wa utafiti, Nyangeta, alinisomea karatasi kumi na moja
taratibu, kama mtu anayemtolea mtoto miiba ya sato.
Mionzi utapata, akasema, hilo halina bahati nasibu.
Lakini nusu yenu tutawaongezea dawa ya kulenga,
na nani apate, nani akose,
sichagui mimi, hachagui daktari,
hata ukiwa na mjomba wizarani. Inachagua kompyuta.
Nikaandika: Inalenga nini?
Akafikiri kidogo.
Uvimbe una masikio, akasema.
Mwili ukinong'ona "kua", wenyewe unasikia
kua, kua, kua.
Dawa inaziba sikio.

Nilicheka mpaka koo likanikemea.
Kumbe ndani yangu kulikuwa na mnunuzi
aliyenisikia kuliko wote!
Kila alfajiri nikiita ongeza,
yeye, gizani, nyuma ya ulimi,
akaongeza.

Nikaandika tena: Itaniponya?
Hatujui, akasema. Ndiyo maana tunapima.
Nimeuziana na watu wa kila namna,
jicho la uongo nalijua. Hakuwa nalo.
Nikatia saini.
Debe moja halitangazi bei ya soko,
hilo sikuhitaji kufundishwa.

Wakanilaza plastiki ya moto usoni,
laini kama ugali mbichi, ina matundu kama wavu,
ikapoa na pua yangu na kidevu cha marehemu baba.
Siku thelathini na tano wamenibana nayo mezani,
ka, ka, ka, ka,
kisha wote wanatoka, mlango mzito unafungwa,
mashine inanizunguka
kama mteja asiye na haraka.
Leo najua dagaa anaona nini.

Kompyuta ilinipa dawa.
Bi Kokusima, wa ulimi,
aliyevuka usiku kwa meli kutoka Bukoba,
haikumpa.
Wiki ya pili vipele vikanijaa, paji, mashavu, kifua,
mzee mzima kama mvulana wa darasa la saba.
Nyangeta akavihesabu, akavipiga picha.
Huenda ni dalili njema, akasema. Si ahadi.
Bi Kokusima pale benchi akavitazama
jinsi mtu anavyotazama kiwanja cha jirani.
Akagusa shavu lake, halina hata kipele.
"Wewe," akasema kwa ulimi mzito, "umeota bahati."
Sikuwa na la kuandika.
Nilimmiminia nusu ya uji wangu wa ulezi,
tukanywa kijiko kwa kijiko,
kila mmoja akikunja uso kwa zamu.

Mwezi wa tatu, picha.
Uvimbe wangu umenywea.
Umenywea, Nyangeta akarudia, sijasema umekufa.
Na wa Bi Kokusima?
Haruhusiwi kuniambia, lakini Bi Kokusima ana mdomo wake:
wake nao umenywea,
bila dawa.
Haya, nielezeni.
Majibu, wanasema, miaka minne, labda mitano,
tukishatimia mia tatu, tukishahesabiwa
na waliozikwa wakiwemo.

Jana nimeshuka Mwaloni.
Kuna kijana ananadi kwa spika ya betri,
ana haraka, anameza tarakimu.
Nimesimama nyuma ya magunia ya Ukara
nikafungua kinywa. Ukatoka upepo,
na ndani ya upepo, kwa mbali, kitu kama mia.
Mara ya kwanza.
Mara ya pili.
Nyangeta, kwenye karatasi yako,
ya tatu usiiandike kwanza.